Mlima Mdogo, Mwezi wa Tatu

Watu wakisikia nimetoka Moshi hudhani barafu niliizoea tangu utotoni. Wengi wetu tuliolelewa chini ya Kilimanjaro tunaijua theluji kwa macho tu, ile nyeupe ya Kibo inayojitokeza alfajiri kabla mawingu hayajaifunika. Kuikanyaga nimekuja kujifunzia New Hampshire, jimbo dogo la kaskazini mashariki mwa Marekani, ambako mji wa Manchester una wasema Kiswahili wa kila aina: Wakongo wa Kivu, Warundi, Wanyarwanda, Wakenya na sisi Watanzania wachache. Kikundi chetu cha kupanda vilima kilianzishwa na watu waliochoka kufungiwa ndani na baridi. Kina wazee, kina akina mama, kina vijana waliozaliwa katika kambi za wakimbizi na kukulia hapa.

Milima yetu si ile yenye majina makubwa. Mount Washington, wenye mita 1,917, ambako Aprili 12, 1934 upepo ulipimwa kilomita 372 kwa saa, huo tunautazama kwa mbali na kuupa heshima yake. Sisi ni watu wa Monadnock, mita 965. Kearsarge, mita 895. Mount Major, mita 544. Na vile vilima viwili vya Uncanoonuc pale Goffstown, karibu kabisa na mjini. Ni milima ya kupanda asubuhi na kurudi nyumbani kula wali. Januari kila mtu anaiogopa. Mwezi wa tatu hakuna anayeiogopa tena, kwa sababu jua linawaka na watu wanaosha magari yao. Kwangu mimi, kipindi hicho cha mwisho wa Februari hadi katikati ya Aprili ndicho kigumu kuliko vyote, na haya hapa ndiyo yaliyonifundisha hivyo.

1. Saa ina maana kuliko tarehe

Kwenye kalenda, majira ya baridi yanakwisha Machi 20 au karibu na hapo. Siku hiyo jua linapanda angani hadi kimo kile kile cha Septemba 22, siku ambayo watu wa hapa bado wanavaa mikono mifupi. Ndiyo maana jua la mwezi wa tatu linachoma uso, na kwa kuwa miti mingi bado haina majani, linapita moja kwa moja hadi chini. Usiku, hata hivyo, ni wa baridi vilevile: nyuzi tano chini ya sifuri, nyuzi saba, pengine kumi. Theluji inayeyuka mchana, maji yanapenya ndani yake, usiku yanaganda. Kesho yake mambo ni hayo hayo, na keshokutwa pia.

Kwa hiyo njia moja ni njia nne kwa siku moja. Saa moja asubuhi ni ngumu na inashika vizuri ukiwa na meno ya chuma chini ya buti. Saa tano juu yake pamelainika kidogo, na huo ndio wakati mtamu. Saa nane ni uji mtupu, mguu unazama na maji yanapita chini yake. Jua likishuka, uji ule unaanza kuganda na kila alama ya kiatu inakuwa shimo lenye kingo kali. Mtu aliyepanda saa nne akakuambia njia ni nzuri hakudanganyi. Ila njia aliyoipita yeye, wewe wa saa tisa hutaikuta.

Katika kikundi chetu ubishi wa kuamka haukwishi. Kuna dada mmoja wa Uvira ambaye kila Ijumaa usiku hupiga simu: "Kaka, si tungoje jua lipande kwanza? Baridi ya asubuhi inaua." Ninamjibu kwamba baridi ya asubuhi ina dawa, ni sweta, lakini uji wa saa nane hauna dawa. Siku hizi tunakubaliana kuwa kileleni kabla ya saa tano na kuwa nusu ya njia ya kurudi kabla ya saa saba. Bado ananung'unika, lakini thamosi yake huwa ya kwanza kufika kwenye gari.

2. Kibanda cha sharubati kinajua hali ya njia

Ukienda milimani mwezi wa tatu utapita mashamba yenye miti ya mepo, ile ambayo jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Miti imetobolewa. Wengine wanatundika ndoo, wengine wameunganisha mti na mti kwa mipira myembamba ya plastiki inayoteremka hadi kwenye tangi. Maji ya mti huo yanachemshwa mpaka yawe sharubati, na zinahitajika takriban lita 40 za maji kupata lita moja. Kibanda kinachochemsha hakifichiki, maana mvuke mweupe unatoka juu ya paa na barabara nzima inanukia sukari.

Jambo la kumfaa mpandaji ni hili: maji hayo hutoka kwa wingi pale tu usiku unapoganda na mchana unapoyeyusha. Hali ile ile inayojaza ndoo ndiyo inayotengeneza barafu mwambani. Mvuke ukiwa mwingi, tarajia kioo asubuhi na uji mchana. Joto likikaa juu ya sifuri usiku na mchana, maji ya mti hupungua, na wewe tarajia theluji iliyooza isiyobeba uzito wa mtu hata alfajiri. Mimi hupunguza mwendo nikipita vibanda hivyo kabla sijafungua utabiri wowote kwenye simu. Wenye vibanda, kwanza, ni watu wa maneno. Ukinunua chupa ndogo ya sharubati utaambiwa usiku uliopita kulikuwaje, na habari za mwaka juzi pia.

3. Reli haina huruma

Hili ndilo somo refu, kwa sababu ndilo linalovunja watu magoti.

Tangu Desemba wapandaji wanakanyaga katikati ya njia. Theluji ya hapo inashindiliwa, inabana, inakuwa nzito. Ile ya pembeni inabaki laini kama ilivyodondoka. Joto linapoanza, ya pembeni inayeyuka haraka na ile iliyoshindiliwa inachelewa. Matokeo yake, kufikia nusu ya Machi njia haiko chini tena, imeinuka: ukuta mwembamba wa barafu, upana wa buti moja au mawili, unapita msituni huku pande zote mbili kuna majani makavu au theluji laini. Wapandaji wa hapa wanauita reli. Ukitembea juu yake uko salama. Ukiteleza hatua moja kando unazama hadi pajani.

Kuzama kwenyewe si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba mwili unaendelea mbele huku mguu umebaki umeshikwa. Goti halikuumbwa kwa kazi hiyo. Mzee mmoja wa Kirundi katika kikundi chetu, mtu wa miaka mingi na maneno machache, alizama kwenye mteremko wa Kearsarge, na vijana wakamkimbilia kumvuta mikono. Akawazuia: "Acheni, wanangu. Chimbeni kwanza." Alisema kweli. Theluji nyevunyevu ikishajaa kuzunguka buti inashika, na ukivuta kwa nguvu mguu unatoka bila buti au goti linapinda. Unakaa chini, unachimba kwa mkono au kwa fimbo hadi kisigino kilegee, ndipo unautoa mguu polepole kwa njia uliyoingilia.

Viatu vya theluji, vile vipana vya kufunga juu ya buti, vinafaa siku ambayo theluji ya katikati nayo imelainika. Ni vizito, vinachosha nyonga, na mtu akivivaa mara ya kwanza anatembea amepanua miguu mpaka watoto wanacheka. Lakini vinagawa uzito. Kule New York, katika milima mirefu ya Adirondack, si hiari: theluji ikizidi sentimeta 20 hivi, sheria inataka uwe umevaa viatu hivyo au skii. New Hampshire inakuachia mwenyewe uamue. Wapandaji wa hapa, hata hivyo, hawampendi mtu anayeacha mashimo ya mapaja njia nzima, maana mashimo hayo yanaganda usiku, na kesho yake kifundo cha mguu kitakachovunjika ni cha mtu mwingine.

Tahadhari pia na misonobari midogo iliyosongamana karibu na vilele. Matawi yake ya chini yanazuia theluji isijae kwenye shina, hivyo kuna uwazi usioonekana. Juu panaonekana pamejaa, ndani ni shimo. Pita mbali na shina. Na ukisikia maji yanatiririka chini ya miguu yako, unatembea juu ya daraja la theluji lililo juu ya kijito. Asubuhi huenda likakubeba. Alasiri, wakati kijito kimejaa maji ya theluji iliyoyeyuka tangu asubuhi, mimi huwa natafuta mahali pengine pa kuvukia, hata kama ni mwendo wa robo saa zaidi.

Reli ina suala jingine la adabu. Wawili wakikutana juu yake, nani ashuke? Desturi ya huku ni kwamba anayeteremka anampisha anayepanda. Mzee wetu haijui desturi hiyo, au anaijua na ameamua haimhusu. Anasimama palepale katikati, anasalimia kwa Kiingereza cha taratibu, anauliza hali za nyumbani, na hadi leo sijaona Mmarekani ambaye hakushuka.

4. Barafu ya mwamba si theluji

Mount Major una njia kuu fupi, kama kilomita mbili na nusu hadi juu, na kileleni kuna magofu ya kibanda cha mawe na ziwa Winnipesaukee limetandazwa mbele yako, bado jeupe. Familia zinaenda na watoto wa shule. Nimewaona hapo mwezi wa tatu watu wamevaa raba za kukimbilia, wengine wamebeba kahawa mkononi.

Njia hiyo imechimbika kwa miaka mingi ya nyayo, kwa hiyo maji yanayoyeyuka hayaendi msituni, yanafuata njia yenyewe. Usiku yanaganda. Tabaka linapanda juu ya tabaka mpaka mfereji mzima unakuwa barafu ya rangi ya maziwa, na juu kabisa, kwenye miamba iliyo wazi, barafu ni nyembamba na haina rangi. Hiyo isiyo na rangi ndiyo mbaya. Jicho linaona jiwe jeusi lililolowa, mguu unakuta kioo.

Vifaa vya kazi hii ni meno ya chuma: mipira inayovutwa juu ya buti, yenye minyororo na vijino vifupi chini. Bei yake haifiki ya buti zuri na yanaingia kwenye mfuko wa koti. Yale makubwa ya wapanda barafu, yenye meno marefu mpaka mbele ya kidole, kwenye milima yetu ni ya siku chache sana, na mtu asiyeyazoea hujichoma shavu la mguu wake mwenyewe au kujikwaa kwenye suruali yake. Asubuhi vaa meno yako kwenye maegesho, kabla hujapiga hatua ya kwanza, kwa sababu maegesho ndiyo barafu iliyoshindiliwa kuliko zote; magari yameikanyaga msimu mzima. Mchana theluji ikiwa nyevu itaganda chini ya meno na kuwa donge. Hapo meno hayagusi tena ardhi, unatembea juu ya mpira. Piga buti kwa fimbo kila baada ya hatua kadhaa, donge lidondoke.

Kupanda karibu kila mtu anaweza. Hesabu yote iko kwenye kushuka. Mwamba wa itale wenye mteremko wa upole uliopandwa kwa furaha jua likiwaka unaweza kuwa haushukiki saa moja baadaye, iwapo kivuli kimeufikia na ule unyevu umeshika. Njia nyingi za hapa ni za kuzunguka: unapanda upande huu, unashuka ule. Upande wa kusini unakuwa mkavu, wa kaskazini una barafu hadi mwisho wa Aprili. Panda wenye barafu, shuka mkavu. Kwenye Welch na Dickey, vilele viwili vya miamba mikubwa karibu na Waterville Valley, wengi wanaopata taabu ni wale waliofuata mzunguko ulioandikwa kitabuni kwa ajili ya mwezi wa saba.

5. Usiupime mlima kwa mita

Katika milima ya New Hampshire miti huishia kwenye mita 1,300 au 1,400 hivi. Monadnock haufiki hata mita 1,000, na bado kilele chake ni kipara kabisa. Sababu ni moto. Mwanzoni mwa karne ya 19 wakulima waliichoma misitu ya mlima huo, kwanza kupata malisho, kisha karibu mwaka 1820 wakachoma tena wakiamini mbwamwitu wamejificha kwenye miti iliyoanguka huko juu. Moto uliunguza hadi udongo, mvua ikausomba, na mwamba ukabaki uchi mpaka leo.

Kwa mpandaji wa mwezi wa tatu moto ule wa miaka 200 iliyopita haujapoa. Ukitoka kwenye kinga ya misonobari, upepo unakupiga bila kizuizi. Nyuzi 10 chini ya sifuri zikiwa na upepo wa kilomita 30 kwa saa zinauma ngozi kana kwamba ni nyuzi 20 chini. Wakati huo huo, chini ya mlima, maegeshoni Jaffrey, mtu anaweza kuwa amefungua zipu ya jaketi. Mlima mwingine wenye mita zile zile lakini uliofunikwa na miti ungekuwa matembezi ya kawaida.

Kuna kichekesho kingine. Njia inayopandwa zaidi Monadnock inaitwa White Dot, na alama zake ni nukta nyeupe zilizopakwa juu ya mawe. Theluji ikiwepo, nukta nyeupe zimelala chini ya theluji nyeupe. Juu ya miti unafuata marundo ya mawe, na ukungu ukishuka rundo linalofuata halionekani. Sisi tuna kawaida: mwenye macho mazuri anatangulia hadi rundo la mbele, wengine wanabaki kwenye hili la nyuma mpaka aite. Akiita tunasogea. Asipoliona, anarudi kwetu kwa nyayo zake, na safari ya kileleni imeishia hapo. Vijana hawaipendi, wanasema inachelewesha. Ndiyo, inachelewesha.

6. Nyuzi mbili juu ya sifuri

Ningechagua nyuzi 12 chini ya sifuri na kukavu kuliko nyuzi mbili juu ya sifuri na mvua. Kwenye baridi kali theluji ni unga, ukiikung'uta inatoka, nguo zinabaki kavu. Kwenye nyuzi mbili kila kitu kinalowa: theluji ya matawini inadondoka mgongoni, suruali inanyonya uji, jasho lako mwenyewe halikauki. Maji yanaondoa joto la mwili haraka zaidi kuliko hewa, na ndiyo sababu mtu anaweza kupoteza joto mpaka hatari bila ya kitu chochote kuganda.

Pamba hapo ni adui. Jinzi, fulana ya kawaida, soksi za sokoni, vyote vinashika maji na kuyaweka kwenye ngozi. Mama mmoja wa kwetu alizoea kujifunga kitenge kiunoni juu ya suruali, kama anavyofanya akitembea popote. Kwenye Uncanoonuc upindo wake ulilowa kwenye uji, na tuliposimama kula kwenye kivuli ukaganda ukawa mgumu, unamgonga magotini kila hatua. Alicheka, akakifungua, akakikunja ndani ya begi. Tangu hapo kitenge husafiri begini na huvaliwa kileleni kwa ajili ya picha. Ndani anavaa sufu nyembamba, juu flisi, juu kabisa jaketi lisilopitisha mvua. Miguuni geita, zile ambazo wapagazi wa Kilimanjaro wanazijua vizuri, zizuie theluji isiingie kwenye buti.

Anza safari ukiwa unasikia baridi kidogo. Ukianza ukiwa na joto, baada ya mpando wa kwanza umelowa kwa jasho, na jasho hilo utakutana nalo tena kileleni. Beba fulana ya pili, kavu, ubadilishe hapo juu hata kama unaona haya.

7. Chupa kichwa chini

Maji yanaanza kuganda juu, kwa hiyo ipindue chupa begini; barafu itaanzia kwenye kitako na mdomo utabaki wazi. Yale mabegi ya maji yenye mpira wa kunyonyea yaache nyumbani, mpira unaziba. Simu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, maana betri hufa kwa baridi ikiwa bado inaonyesha nusu. Chai ya tangawizi kwenye thamosi. Chapati iliyokunjwa na yai inaliwa hata ikiwa baridi, andazi linageuka jiwe.

8. Saa iliyosogezwa mbele haiongezi mchana

Jumapili ya pili ya Machi Wamarekani wanasogeza saa zao mbele. Jana yake jua lilizama kabla ya saa kumi na mbili jioni, leo linazama karibu saa moja kasoro robo. Sisi tuliotoka mahali ambapo jua na saa havijawahi kugombana hatuwezi kulizoea jambo hili. Wikiendi hiyo njia zinajaa watu wa alasiri walioona wamepewa saa nzima ya bure. Mwanga umesogezwa, ni kweli, lakini baridi haiangalii saa ya ukutani. Kivuli kikishafika kwenye njia, uji unaanza kuganda, na kwenye bonde lililoelekea mashariki kivuli hicho kinaweza kufika zaidi ya saa moja kabla ya magharibi.

Kwa hiyo tochi ya kichwani ni lazima, hata kwa safari ya saa mbili. Iko kwenye orodha ya vitu kumi ambavyo jimbo linamshauri kila mpandaji avibebe, pamoja na ramani, dira, nguo za joto, chakula na maji ya ziada, kiberiti, vifaa vya huduma ya kwanza, filimbi, koti la mvua na kisu kidogo. Wageni wengi hushangaa kwamba wanaoongoza uokoaji milimani hapa ni askari wa wanyamapori, wale wale wanaokagua leseni za uvuvi na uwindaji. Wanasaidiwa na watu wa kujitolea, ambao wanaacha chakula mezani usiku kuja kubeba machela.

Uokoaji una gharama, na sheria ya New Hampshire inaruhusu jimbo kumdai mtu aliyeokolewa iwapo alifanya uzembe. Tangu 2015 kuna kadi ya hiari ya kuchangia mfuko huo, dola 25 kwa mtu mmoja, dola 35 kwa familia, na mwenye kadi hadaiwi gharama kwa uzembe wa kawaida. Ukiwa mtukutu kupita kiasi, kadi haikukingi. Tuliijadili sana kwenye kikundi. Wengine walisema ni kama kujitabiria mabaya, mama mmoja akasema yeye hulipa mchango wa kuzikana kila mwezi na hajafa. Tukakata kadi.

9. Mwezi wa nne ni wa kupe na matope

Kupe wa kulungu, yule mdogo anayeambukiza ugonjwa wa Lyme, hangoji majira ya joto. Siku yoyote ambayo joto limepanda juu ya sifuri na majani makavu yameonekana, kupe mzima anaweza kuwa juu ya kijiti akingoja mguu upite. Nimewaona watu wakimtoa kupe kwenye soksi huku geita zao bado zina theluji. Kagua nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni na kwenye nywele siku hiyo hiyo, na watoto wakaguliwe na mtu mzima.

Matope yanakuja theluji ya chini ikiisha. Ardhi ya juu imeyeyuka, ya chini bado imeganda, maji hayana pa kwenda, na njia inakuwa tope hadi kifundoni. Buti limetengenezwa kuchafuka, kwa hiyo pita katikati ya tope. Kila anayelikwepa kwa kupita pembeni anaua mimea na kuipanua njia, na baada ya misimu michache njia ya mtu mmoja imekuwa barabara. Jirani zetu wa Vermont hawangoji uungwana wa watu: njia za mlimani kwenye ardhi ya jimbo lao zinafungwa tangu Aprili 15 hadi wikiendi ya Memorial Day, mwishoni mwa Mei. Ningependa New Hampshire nayo ifanye hivyo, ingawa najua sitapata kura nyingi hata ndani ya kikundi chetu.

Sisi katikati ya Aprili tunahamia kwenye njia ya zamani ya garimoshi inayokwenda Goffstown, tambarare na kavu, ambako wazee wanatembea wawili wawili wakibishana siasa za Bujumbura. Milimani tunarudi mwishoni mwa Mei, na huo ndio wakati wa inzi weusi wanaong'ata, ambao nao wana mafunzo yao.